Kila Mtu Fimbo Moja

Kijijini kwetu, upande wa Magu, yowe likipigwa mwanaume haulizi kuna nini. Anaacha jembe, anaacha ugali unafuka moshi, anachukua fimbo na kukimbilia sauti inakotoka. Kwa Kisukuma tunaliita mwano. Asiyefika anatozwa mbuzi, na akirudia anatozwa ng'ombe. Nilikua na desturi hiyo bila kuiona ubaya wowote, maana siku nyingi ilikuwa ni fisi ameingia zizini au nyumba ya mtu inaungua. Penye wengi hapaharibiki neno, tuliambiwa, nasi tukaamini.

Baada ya vita mambo yakabadilika. Baadhi ya bunduki hazikurudi kambini, zikarudi na watu, na wizi wa ng'ombe ukawa habari ya kila wiki. Polisi walikuwa mbali, mvua ikinyesha barabara haipitiki, na mwizi hasubiri barabara ikauke. Wazee wakaunda walinzi wa jadi, watu wa pinde na fimbo, na miongoni mwao ikazaliwa sheria moja ambayo sikuwahi kuisikia ikisomwa kwenye mkutano wowote wa kijiji. Kila aliyefika kwenye yowe ampige mwizi fimbo moja. Moja inatosha, hata kama wewe ni mzee, hata kama unaumwa. Tukishapiga wote, hakuna aliyeua. Na kama hakuna aliyeua, hakuna wa kumtaja mwenzake. Naiita sheria kwa sababu ilifuatwa kuliko zile zilizoandikwa.

Mkuu wa walinzi hao alikuwa rafiki yangu. Tulizaliwa msimu mmoja wa mvua, maboma ya wazazi wetu yakitazamana. Tulichunga pamoja, tukaiba viazi pamoja, tukachapwa pamoja. Kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa tulihamishwa pamoja, na wakati wa vita tuliondoka kijijini katika lori moja na mgambo wenzetu. Huko ng'ambo risasi ilinipiga juu ya goti. Wenzetu walikuwa wameshaanza kurudi nyuma. Yeye alitupa mzigo wake, akanibeba mgongoni tangu alasiri mpaka tulipokuta gari la jeshi, na njia nzima alikuwa akinitukana ili nisilale. Alinitukania ukoo mzima, mpaka shangazi zangu. Nilikuwa hai kwa hasira tu.

Tuliporudi kwa meli kutoka Bukoba, mama yangu alikuja kutupokea bandarini Mwanza. Hakunikimbilia mimi kwanza. Alipiga magoti mbele ya rafiki yangu, pale pale kwenye saruji, mwanamke mzima mbele ya kijana wa rika la mwanawe, akasema tangu siku ile ana watoto wawili. Rafiki yangu hakuwa na mama. Wake alikufa akimzaa. Akamwita mama yangu mayu, yaani mama, kuanzia siku hiyo, na hakumwita kwa mdomo tu. Alimletea kuni, alimwezekea nyumba, alikula kwake mara nyingi kuliko kwake mwenyewe. Sukari ilipoadimika, mgawo wake aliugawa na mama.

Mimi nilimlipa kwa nilichokuwa nacho. Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, ubao wangu umepigiliwa misumari kwenye ukuta wa ghala la pamba, na yeye alikuwa mwanafunzi wangu mbishi kuliko wote. Alikuwa akiikandamiza chaki mpaka inavunjika. Siku aliyoandika jina lake bila kukosea alilizungushia duara, akawakataza wenzake kulifuta. Lilikaa ubaoni wiki nzima, nikafundisha kwa kulizunguka.

Nasema haya ili nisije nikaonekana namsingizia mtu niliyekuwa namchukia. Nilimpenda. Na kama mkuu wa walinzi alikuwa hodari. Ng'ombe wetu walilala zizini wakaamka zizini.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa kuchuma pamba, adhuhuri, jua kali. Yowe lilitoka bondeni, kwenye njia inayotokea barabara kuu. Niliacha wanafunzi wangu watatu vikongwe na ubao wao, nikaenda nikichechemea. Kwa ajili ya mguu wangu walinisamehe kuchelewa, lakini hawakunisamehe kutokufika. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa mwisho katika kila yowe, na kila yowe lililotangulia nilikuta kazi imekwisha na watu wanatawanyika. Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kuiona fimbo moja ikitembea.

Siku ile haikuwa imekwisha. Mtu alikuwa chini vumbini, na wanaume wa kijiji chetu walikuwa wamepanga foleni. Sijui niseme nini kingine. Ilikuwa foleni kama ya sukari dukani, mtu nyuma ya mtu, hakuna anayesukuma. Anayefika mbele anapiga, anampa fimbo wa nyuma yake, anakwenda kukaa kivulini. Mtu yule chini alikuwa bado anasema. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa pili wa ghuba, cha Uzinza, na alikuwa na sentensi moja tu: "Nina dada hapa. Niitieni dada yangu." Kila mwizi ana dada mahali, alisema mmoja wa waliokuwa kivulini, na wenzake wakacheka.

Kando yake walikuwa wamesimama ng'ombe wawili, mmoja mwekundu na mtamba wake. Aliyepiga yowe alikuwa mwanamke aliyekuwa akichota maji. Alimwona mgeni akiswaga ng'ombe mwenye alama ya boma la kijijini kwetu sikioni, mapengo mawili mbele na tundu moja nyuma, akafanya kile ambacho sote tulifundishwa kufanya. Alama ile ilikuwa ya boma la baba yake rafiki yangu. Kila boma lina namna yake ya kukata masikio, na anayeijua anaisoma kwa mbali.

Rafiki yangu alikuwa amesimama karibu na ng'ombe mwekundu. Alilishika sikio, akaligeuza, kisha akaiangalia pembe. Pembe ya kushoto ilikuwa imekatika ncha. Nami niliiona nikaitambua, kwa sababu nilikuwepo ilipokatika. Kabla ya vita, miguu yangu yote ikiwa mizima, mimi na yeye tuliswaga mahari ya mdogo wake wa baba mmoja kutoka kwetu mpaka Kigongo, tukawavusha ng'ombe kwa pantoni hadi Busisi. Mwekundu yule aligoma kupanda. Tulipomlazimisha akajigonga kwenye chuma cha pantoni, na ncha ya pembe ikabaki pale. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu anaogopa ukweni kuliko bibi harusi," alisema. Utani huo aliurudia kwenye kila harusi aliyohudhuria.

Kwa hiyo ng'ombe hakuwa ameibwa. Alikuwa ametoka kijijini kwetu kwa halali, tumempeleka sisi wenyewe, na sasa alikuwa anarudi kwa halali. Mtu aliyekuwa chini alikuwa kaka wa shemeji yake rafiki yangu, mke wa yule mdogo wake. Shemeji huyo alikuwa amejifungua pacha mwezi ule, na maziwa hayakumtosha, kwa hiyo kaka yake alikuwa akimletea ng'ombe wa kukamua.

Mtu yule alilia tena kutoka vumbini: "Nina dada hapa."

Rafiki yangu aliliachia sikio. Alijifuta mkono kwenye suruali, akanyanyua uso, akaniona. Alijua kwamba nimeona pembe. Tulitazamana, na ninaapa kwamba nilikuwa na hakika atasema basi. Nilikuwa nimeshaanza kusogea ili nimsaidie kumnyanyua yule mtu. Aliigeukia foleni, ambayo ilikuwa imesita ikimsubiri yeye, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Endeleeni."

Wakaendelea. Nilipiga kelele kwamba siyo mwizi, ni mkwe wetu, nikajaribu kupenya, vijana wawili wakanishika mikono. Wale wa mbele hawakunisikia, au walisikia. Haikuchukua muda tena. Baadaye nimeufikiria uso wake mara nyingi, na naamini najua hesabu aliyoipiga. Mtu yule angepona angesema nani alimpiga, na waliokwisha kumpiga walikuwa wengi, mdogo wake mwenyewe akiwa wa pili kwenye foleni, amepiga bila kumtazama usoni. Mtu mmoja wa Uzinza dhidi ya wanaume wote wa kijiji. Wengi wape.

Yalipokwisha, rafiki yangu aliichukua fimbo kwa kijana wa mwisho, akaniletea.

"Bado wewe."

"Huyu ni shemeji yako," nilimwambia.

"Ameshakufa. Fimbo haimuumi tena. Piga, tuondoke."

"Sipigi."

"Ndugu yangu, usinifanyie hivi mbele ya watu." Alishusha sauti. "Nilikubeba."

"Najua."

"Basi piga."

Niliichukua fimbo nikaitupa kwenye pamba. Wote waliokuwa kivulini walisimama. Hapo ndipo wanawake walipofika kutoka mashambani, na miongoni mwao yule shemeji, dada yake marehemu, pacha mmoja mgongoni na mwingine amebebwa na jirani. Alimwona ng'ombe kwanza. Alifurahi, nilimwona akifurahi. Alimjua kwa pembe, akatazama huku na huku akimtafuta aliyemleta.

Polisi walikuja siku iliyofuata. Kila mwanaume aliyeulizwa alijibu kwamba alifika akakuta mtu amekwisha kufa. Walijibu kwa maneno yale yale, na hawakusema uongo sana, kwa sababu hakuna aliyejua fimbo ya nani ndiyo iliyoua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya ile sheria. Mpelelezi, kijana mpole mwenye jasho jingi, alifunga karatasi zake akauliza kama yuko mtu ambaye hajasema. Nilikuwa mimi. Nilimwomba anipe mpaka kesho.

Jioni ile mama alinikalisha jikoni.

"Utasema nini?"

"Nitasema nilichokiona."

"Umeona mguu wako?" aliniuliza. "Kila ukiutazama unaona nini?"

"Mayu, yule mtu alikuwa hai. Mwanao huyo aliliona sikio, akaiona pembe, akasema endeleeni."

"Yule mtu nimemlilia. Lakini yeye hatarudi. Huyu bado yupo." Alikoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. "Sina mume. Sina ndugu. Nimebakiza nini mimi hapa duniani? Watu wa kunizika. Ukisema, utanichukulia na hao."

Alijua anachokisema. Mimi sikujua bado. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikuwa ya shujaa, ilikuwa ya mtu aliyedanganywa na anayempenda. Laiti rafiki yangu angesema neno lingine lolote! Laiti angekimbia, angelia, angezimia. Lakini alilisema neno lile kwa sauti ileile aliyokuwa akiniambia nayo vitani nilale chini mtaroni nisiinuke. Kesho yake nikamweleza mpelelezi kila kitu, na wakamchukua rafiki yangu akiwa anakula kwa mama.

Mkutano wa kijiji uliitishwa mbele ya ghala la pamba, chini ya ubao wangu. Mwenyekiti alisimama akasema Ndugu huyu amemuuza Ndugu aliyemfufua. Mzee mmoja akasema asante ya punda ni mateke, watu wakaangua kicheko, na kusema kweli hata mimi kidogo nicheke, kwa jinsi mguu wangu ulivyokaa pembeni siku hiyo. Kisha wakanitenga. Kwetu kutengwa hakuna viboko. Hakuna wa kukusalimu, hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukuuzia wala kununua kwako, na msiba ukikufika hakuna wa kushika jembe. Atakayekwenda kinyume analipa ng'ombe. Adhabu ni ya boma zima, siyo ya mtu mmoja. Ili wakurudishe unawachinjia dume watu wa kijiji, na mimi nilipewa sharti la ziada, niyakane maneno yangu mahakamani.

Mke wangu alivumilia mpaka duka la kijiji lilipomnyima chumvi akiwa na mtoto mkononi. Baba yake akaja kumchukua. Sikumlaumu. Chumvi na sabuni nikawa nazifuata Magu, kwa mguu ule, nikinunua barabarani kwa watu wasionijua. Nilifurahia hata matusi ya makondakta, kwa sababu yalikuwa yananihusu mimi. Watoto wa shule, waliokuwa wakinishindania kwa shikamoo, walifunga midomo walipofika kwenye ua wangu na kupita wakiangalia miguu yao.

Mama aliumia kuliko mimi. Kila asubuhi alitoa kigoda chake nje ya mlango, akakaa, na kumwamkia kila aliyepita njiani. "Mwangaluka!" Wanawake aliolima nao tangu ujana wao, aliowazalisha, aliowafundisha nyimbo za kulimia, walipita na majembe yao begani. Hakuna aliyeitika. Alimpisha huyo, akamwamkia anayefuata, kwa sauti ile ile ya uchangamfu. Nilimwambia aache. Alinijibu kwamba waliokatazwa kusalimu ni wao, yeye hakukatazwa.

Kesi ilichelewa, kama kesi zinavyochelewa. Mama akaanza kuumwa kifua, akakonda. Siku moja aliniita akaniuliza tena kama sitaki kuyakana yale maneno.

"Alisema ana dada," nilimjibu. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo.

"Na mimi nina watu," alisema mama. "Nirudishie watu wangu."

Nilichukua dume langu pekee nikaliswaga mpaka kwa mwenyekiti. Nilisimama nje ya ua wake kwa sababu sikuruhusiwa kuingia, nikasema kwa sauti kwamba natoa dume, wamrudishe mama yangu, mimi waniache nilivyo. Yeye naye hakuruhusiwa kunijibu. Alimwita mkewe, akamwambia yeye, ili mimi nisikie: "Maneno kwanza, ng'ombe baadaye." Nikaliswaga dume langu nikarudi nalo nyumbani.

Mama alikufa kiangazi, asubuhi, ardhi imekauka mpaka imepasuka. Nilimfunika. Nilitoka nje nikatazama mashamba, na wanaume walikuwepo, wanang'oa masalia ya pamba, karibu kiasi cha kutambuana nguo. Nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekipanga. Nilipiga yowe.

Nililipiga kama tulivyofundishwa, viganja mdomoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sheria haisemi yowe la nani. Sheria inasema ukisikia unakimbia. Niliwaona wakinyanyua vichwa wote kwa pamoja. Mmoja alishika fimbo yake, akapiga hatua mbili, mwenzake akamwambia kitu, akasimama. Kisha wakainama, wakaendelea kung'oa masalia. Yowe lililomkusanyia mgeni wa Uzinza wanaume wa kijiji kizima halikumpatia mama yangu hata mmoja.

Nilichimba zizini, ambako samadi imelainisha udongo. Nilichimba nikiwa nimekaa, nimeunyoosha mguu, kwa sululu yenye mpini mfupi. Chini ya samadi udongo ulikuwa mgumu kama saruji, na nilipofika usawa wa kiuno jua lilikuwa limeshachwea na nguvu zimekwisha. Nilimvuta mama kwa ngozi ya ng'ombe kutoka nyumbani mpaka pale, nikamshusha, nikaangukia juu yake kwa sababu mguu uliteleza. Nilimwomba radhi, nikapanda, nikafukia. Kaburi lilikuwa fupi na halikuwa na kina. Nilipanga mawe juu kwa ajili ya fisi.

Baada ya hapo nikaitwa Mwanza kutoa ushahidi. Nilifikia chumba cha kupanga karibu na Butimba, kwa mama mmoja wa Kihaya aliyenikaribisha kwa kahawa na maswali mengi, na nilitokwa na machozi kwa sababu ya yale maswali tu. Mahakamani nilisema. Sikio, pembe, endeleeni. Wakili wa utetezi aliniuliza kama namwonea wivu mtuhumiwa. Aliniuliza kama si kweli kwamba alinibeba. Nikasema ni kweli. Aliuliza kama si kweli kwamba mtu mwenye maumivu ya mguu anaweza kuona vibaya, nikamjibu kwamba naona kwa macho. Watu walicheka, jaji akawanyamazisha.

Rafiki yangu alinyoosha mkono kizimbani. Alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa. Alimwomba jaji amruhusu aniulize swali moja yeye mwenyewe. Wakili wake alimnong'oneza aache, hakumsikiliza. Jaji akamruhusu.

"Mayu yuko wapi?" aliuliza.

Nilidhani atauliza juu ya vita, juu ya mgongo wake, juu ya risasi. Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo.

"Amefariki."

"Amezikwa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu."

Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mtu aliyeangalia foleni ile mpaka mwisho bila kupepesa. Jaji alimngoja, kisha akamwambia aulize jambo linalohusu kesi. Alisema hana lingine.

Alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, akafungwa. Wengine wote walirudi nyumbani, kwa sababu fimbo ya kila mmoja haikuweza kutenganishwa na fimbo ya mwenzake. Jaji alilisema hilo kwa masikitiko. Alisema sheria inahitaji mkono, na hapa ilipewa neno tu. Nikiwa nje ya mahakama nilimwona shemeji, dada wa marehemu. Nilimsogelea nimpe pole. Aligeuza uso, akaenda kusimama na mumewe.

Nilirudi kijijini kwa sababu ya lile kaburi. Sikuwa na sababu nyingine. Mawe yalikuwa yanadidimia, kila masika nikayapanga upya.

Rafiki yangu alitoka kabla ya muda wake. Walimpokea kwa ngoma tangu barabara kuu. Nilikaa ndani nikaisikia ngoma ikija, ikafika kwenye njia panda ya maboma yetu mawili, na badala ya kupinda kwake ikaja kwangu. Nilichukua panga. Nilidhani wamekuja kunimaliza, na nasema wazi kwamba nilipumua, kwamba sasa yatakwisha.

Hawakuja kwangu. Waliingia zizini. Walikuja wote, wanaume na majembe, wanawake na vyungu, na dume la boma lake likiwa mbele limefungwa kamba. Alikuwa amewaambia kwamba hatakula chakula cha mtu yeyote kijijini pale mpaka mama yake azikwe kama mtu. Adhabu ya boma ilikuwa ya aliye hai, alisema. Aliyekufa ametoka humo. Ni yeye pekee angeweza kuwaambia hivyo, na wakaona ni haki, wengine wakalia kwa kuona jinsi alivyo na moyo.

Walimfukua mama yangu kwa heshima wakamchimbia kaburi lenye kina. Kazi iliyoniua mimi siku nzima waliimaliza kabla jua halijawaka vizuri, wakipokezana jembe. Wanawake wa rika lake waliimba zile nyimbo za kulimia, zote, hata zile za matusi alizozipenda. Shemeji alisonga ugali uani mwangu, kwenye mafiga yangu, pacha wake wamekua wanakimbizana kwenye ngazi ya mlango wangu. Nilitoka nikasimama pale mama alipokuwa akiweka kigoda. Watu walinipita kwenda kwenye kaburi na kurudi. Niliwaamkia, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeitika. Nilitaka niende nikatupe udongo, vijana wawili wakasimama mbele yangu bila kusema neno wala kunigusa.

Nilifurahi kwa ajili ya mama. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndicho alichoniomba nami nikamnyima. Alizikwa na watu wake. Na nilimchukia rafiki yangu kuliko nilivyowahi kumchukia siku ya foleni.

Walipomaliza kufukia, rafiki yangu alisimama kichwani pa kaburi, mahali pa mtoto wa marehemu. Watu wakapanga foleni. Walikwenda mbele mmoja mmoja, hakuna aliyesukuma, wakamshika mkono na kumwambia pole kwa kufiwa na mama. Mwenyekiti alimwambia, mdogo wake alimwambia, shemeji alifuta unga mikononi, naye akaenda akamwambia. Yeye aliitikia kila mmoja, akilia. Mimi nilikuwa mlangoni pa nyumba ya mama yangu, na nilisubiri mpaka foleni ikaisha.